Chomeka au Pakua? Maoni Kuhusu Vitenzi vya Diski Pepe

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeelemea mno upande wa nomino. Vitenzi vimeachwa nyuma, ilhali mtu anayeiamuru kompyuta kwa maandishi matupu hutenda kazi yake kwa vitenzi hasa.

Tuchukue mfano wa mtafiti wa masimulizi ya Kihehe aliyeko Kalenga, karibu na Iringa, mahali ambapo fuvu la Mtwa Mkwawa limehifadhiwa tangu liliporejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Tuseme rekodi anazozihitaji zimo katika faili moja, nakala kamili ya diski, kwenye seva iliyoko Dar es Salaam. Akiipakua, megabaiti 700 zitasafiri hadi Kalenga, naye atazilipia. Lakini akiingia katika seva hiyo kwa SSH, itifaki iliyobuniwa mwaka 1995, na iwapo ana idhini, aweza kuiamuru iitumie faili hiyo kana kwamba ni diski halisi. Hapo husafiri herufi za amri na majibu yake tu. Orodha ya rekodi humtokea, naye huchukua zile dakika tatu za sauti anazozitaka.

Kitendo hiki cha pili tukiiteje? Wako wanaosema “kupandisha”, tafsiri sisisi ya amri ya Unix, “mount”. Hatukubaliani nao, kwani kwa watumiaji wengi kupandisha faili ni kuipeleka kwenye seva. Amri yenyewe yakumbusha enzi ambazo mhudumu alipachika tepu kwenye mashine kwa mikono. “Kupachika” basi ni afadhali, ila kinyume chake hakijazoeleka. Twapendekeza “chomeka”, ambacho kina “chomoa” tayari, kama vile pakia na pakua, bandika na bandua. Unyambuaji wetu watupa bure kile ambacho Unix ilikipata kwa kuunda amri ya pili, “umount”. Isitoshe, wanafunzi wetu huchomeka flashi kila siku bila kumngoja mwanaistilahi.

Yawezekana kupinga kwamba kuchomeka hudai tundu. Tundu lipo: ni saraka ambamo yaliyomo katika diski hudhihirika baada ya amri kutolewa. Kuhusu “diski bandia”, istilahi hiyo ikataliwe. Sauti za wazee zilizomo si za bandia; kinachokosekana ni kiwiliwili cha diski tu, na hilo “pepe” yalieleza vyema. Mwalimu anayesema “pakueni” akikusudia “chomekeni” huwamalizia wanafunzi vifurushi vyao vya intaneti.