Bodi za Ushauri za Vyuo Vikuu: Mtendaji wa Kijiji Naye Akae Mezani

Kila likizo ndefu inapoanza, sisi wahadhiri wa utawala wa umma hutawanyika mikoani kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo. Mwaka mmoja mgawo wangu uliangukia nyanda za juu za Kigoma: wanafunzi wachache Kasulu, wengine Kibondo. Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kibondo nilifika siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanafunzi wangu, kijana hodari wa mwaka wa pili ambaye nilikuwa nimempa alama ya A katika somo la fedha za serikali za mitaa, alikuwa amepewa kazi ya kuandaa na kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka.

Alisoma vizuri. Lugha yake ilikuwa safi na hesabu zake zilikuwa zimejumlishwa sawasawa. Alipomaliza, bibi mmoja aliinua mkono. "Mjukuu wangu," alisema, "sisi tulisomba mawe na mchanga wa zahanati wiki tatu nzima. Mawe yetu umeyaandika mstari gani?"

Kijana alitazama karatasi yake, kisha akanitazama mimi. Mawe hayakuwa yameandikwa popote. Wala mimi sikuwa nimewahi kumfundisha kwamba nguvu za wananchi hukadiriwa thamani yake na kuingizwa katika taarifa ya mradi, na kwamba zisipoingizwa, mwananchi huona amefutwa katika kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Aliyeuokoa mkutano ule ni Afisa Mtendaji wa Kijiji. Alifungua daftari lake, akaanza kueleza kwa Kiha kilichochanganyika na Kiswahili: kitongoji gani kilileta matripu mangapi, na kila tripu ilikadiriwa kwa shilingi ngapi. Bibi akaridhika, na mkutano ukaendelea.

Baadaye, akinijazia fomu ya tathmini ya mwanafunzi, mtendaji yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Mwalimu, mnatuletea vijana kila mwaka na mnatuletea fomu. Fomu inauliza kama kijana anawahi kazini na kama ana nidhamu. Haijawahi kutuuliza sisi tunaonaje mnavyowafundisha."

Ndugu msomaji, makala hii ni jibu langu kwa mtendaji yule, ingawa limechelewa.

Vyuo vikuu vingi duniani vinavyotoa shahada za utumishi wa umma vina chombo kinachoitwa bodi ya ushauri. Ni kundi la watu walio kazini, yaani watendaji, maofisa utumishi, wahasibu, wakaguzi, na wahitimu wa zamani, ambao hukutana na walimu mara kadhaa kwa mwaka na kuwaeleza mambo ambayo hayapatikani vitabuni. Bodi ya namna hiyo haitungi mitihani wala haiajiri walimu, na mamlaka ya mwisho juu ya taaluma hubaki kwa seneti. Kazi yake ni kuzuia mtaala usizeeke bila mwalimu kujua.

Nchini kwetu jambo hili limepata nguvu mpya kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Wengi wanaufahamu kwa majengo yake, na hata Kigoma imo katika orodha ya mikoa inayopata kampasi mpya, ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Lakini mradi huo umevitaka vyuo pia vihuishe mitaala, na viunde kamati za ushauri zinazowaunganisha walimu na waajiri. Kwa kawaida kamati hizo huitwa kamati za ushauri za viwanda.

Jina hilo lenyewe linastahili kutafakariwa. Mhandisi ana kiwanda chake, na mtaalamu wa kilimo ana shamba. Mhitimu wa utawala wa umma kiwanda chake ni kipi? Ni ofisi ya kijiji yenye meza moja na kabati bovu. Ni ofisi ya kata, masjala ya halmashauri, baraza la ardhi, na dirisha la zahanati. Tukitafsiri "kiwanda" kuwa kampuni za Dar es Salaam na wizara za Dodoma peke yake, tutakuwa tumeunda bodi ya watu ambao wengi wao waliondoka kwenye ofisi hizo miaka ishirini iliyopita.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya namna hiyo. Wajumbe walikuwa watu wa heshima: makatibu wakuu wastaafu, wakurugenzi, na mwakilishi wa taasisi moja ya fedha. Tuliwaita mara moja, tukawapa mtaala ambao ulikuwa umeshachapishwa na kufungwa kwa gamba gumu, tukawaomba "maoni". Walitupongeza. Tulikula chakula cha mchana, wakasaini karatasi ya posho, wakaondoka. Rasimu ya muhtasari wa kikao kile nilikuwa nimeiandika usiku uliotangulia, na sikulazimika kubadilisha hata aya mbili. Mtaala ule ndio uliomlea kijana aliyekwama mbele ya bibi wa Kibondo. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumewaita watu wasiokilalia kitanda watueleze habari za kunguni.

Je, bodi iliyoundwa vyema ingetusaidia nini? Nitaje mambo manne.

Kwanza, ingetueleza kazi ilivyo leo. Utumishi wa umma unabadilika kwa kasi kuliko vitabu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imekuja na mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa mwaka 2023 kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mwalimu anayefundisha kwa madondoo ya zamani hawezi kuyajua yote haya kwa kusoma peke yake. Ofisa aliye kazini anayajua kwa sababu yanamkosesha usingizi.

Pili, ingetueleza mahali. Kasulu na Kibondo zina mambo ambayo mtaala wa jumla hauyaoni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Ofisa wa kata iliyo jirani na kambi anahitaji kuijua Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mipaka ya madaraka yake mbele ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na namna ya kuzungumza na wananchi wanaolalamikia kuni, maji na mashamba bila kuchochea chuki dhidi ya mgeni. Ongeza na historia ya vijiji vyenyewe: Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa watu vijijini kwa operesheni, mapema katika miaka ya 1970, na shauri la mpaka wa shamba linaloletwa leo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huweza kuwa na mizizi katika siku zile. Mhitimu asiyeyajua haya atakuwa hakimu wa kesi ambayo hajasikia mwanzo wake.

Tatu, bodi ingeyapa mafunzo kwa vitendo uzito wake. Leo mwanafunzi hutafuta nafasi kwa barua na kwa kujuana, akifika hupewa kazi ya kupanga majalada, na msimamizi wake hajui chuo kinatarajia nini. Mjumbe wa bodi aliyeko halmashauri angeweza kukubaliana nasi mapema: wiki hii kijana akae na mtendaji wa kata, wiki ile ahudhurie kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwezi ujao aandike rasimu ya muhtasari na isahihishwe.

Nne, bodi ingetuletea habari za wahitimu wetu. Chuo hujua idadi ya waliovaa joho. Ni nadra kujua nani kati yao alipangiwa wilaya ya mbali akabaki, nani aliomba uhamisho baada ya miezi sita, na kwa sababu gani. Habari hizo ni mtihani halisi wa mtaala.

Najua wenzangu wana pingamizi, nalo si jepesi. Wanauliza: chuo kikuu kikianza kufuata matakwa ya waajiri, kitabaki chuo kikuu au kitageuka karakana ya kutengeneza makarani? Mwajiri aghalabu hutaka mtu mtiifu. Jamii inahitaji mtumishi anayeweza kumwambia mkuu wake, kwa adabu, kwamba agizo hili linakiuka sheria. Historia yetu inatuonya pia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilimtaka kijana apate uzoefu wa kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na lilitaka mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Sehemu ya kwanza ya wazo hilo ilikuwa na hekima: darasa lenye watu waliokwisha kufanya kazi huuliza maswali mengine. Sehemu ya pili iliweka ufunguo wa mlango wa elimu mikononi mwa wenye madaraka.

Hofu hiyo naichukua kwa uzito, na ndiyo inayonifanya nidai bodi pana badala ya kudai isiwepo. Bodi yenye wakubwa watupu itataka watiifu. Bodi yenye mtendaji wa kijiji, diwani, mwenyekiti wa kijiji, muuguzi wa zahanati na mhitimu wa miaka mitatu iliyopita itakuwa na sauti zinazopingana, na mwalimu atalazimika kupima na kuamua. Kusikiliza ushauri hakumwondolei mwalimu uhuru wake wa kufikiri.

Tusisahau pia tulikotoka. Chuo Kikuu cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikiwafundisha machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Shule ile ilikuwa ya mkoloni na ilitumikia malengo ya mkoloni, siitamani. Lakini darasani mwake waliketi watu ambao Jumatatu inayofuata wangerudi barazani kuamua mashauri. Kadiri tulivyopanda hadhi, ndivyo tulivyojitenga na baraza. Kasulu ina Chuo cha Ualimu, na mwanachuo wa ualimu ana shule za kufanyia mazoezi karibu naye. Shahada zetu za utawala hufundishwa Morogoro, Dodoma na Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka kijiji kile cha Kibondo.

Basi napendekeza yafuatayo kwa wakuu wa vitivo, na kwa Tume ya Vyuo Vikuu inayosimamia ubora wa mitaala yetu. Theluthi moja ya wajumbe wa kila bodi ya programu ya utumishi wa umma watoke ngazi ya kata na kijiji. Bodi iitwe kabla rasimu ya mtaala haijaandikwa. Kikao kimoja kila mwaka kifanyike wilayani, mwaka huu Kasulu, mwakani Kibondo, na miaka mingine Newala au Ngorongoro, ili walimu ndio wapande basi. Kila ushauri ujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 90: umekubaliwa, au umekataliwa kwa sababu hizi. Muhtasari ubandikwe mahali wanafunzi watausoma. Na fedha ziende kwanza kwenye nauli ya mtendaji wa kijiji kabla ya posho ya mstaafu anayeishi kilomita tano kutoka ukumbini.

Kwa wanafunzi mnaosoma makala hii, msingoje bodi. Mnapotoka mafunzoni, andikeni katika ripoti zenu swali moja mliloulizwa na mwananchi mkashindwa kulijibu, kisha tuleteeni darasani. Kwa watumishi walioko kazini: tuandikieni, hata bila kuombwa.

Kijana wangu wa Kibondo alirudi chuoni na ripoti ya kurasa arobaini. Katika kiambatisho alikuwa ameiandika upya ile taarifa ya mapato na matumizi, akiongeza mstari mmoja wa nguvu za wananchi, pamoja na matripu ya mawe na makadirio yake kama alivyoyanakili kutoka daftari la mtendaji. Mstari huo sasa ndio mfano wa kwanza katika mhadhara wangu wa fedha za serikali za mitaa. Fomu ya tathmini bado ni ileile. Nimeomba iongezwe swali moja mwishoni, linalomuuliza msimamizi anadhani tubadilishe nini katika ufundishaji wetu. Ombi langu liko mezani kwa wakubwa wangu, na likizo ndefu inakaribia tena.