Wakubwa, teremsheni vioo

Wasikilizaji wapenzi, nanyi mnaosoma kwenye simu ya jirani kwa sababu yenu imeisha chaji, leo niacheni kidogo na habari za bei ya unga. Nataka kusema juu ya gari.

Vijana wa garaji moja hapa Goma waliniita wanionyeshe picha. Limuzini nyeusi, ndefu, inang'aa kama kiatu cha harusi: Mercedes-Benz 600. Mmoja akasema, "Hii ndiyo ya Mobutu." Mwenzake akaapa kwamba angeuza kiwanja cha baba yake aiendeshe siku moja tu. Wakaniomba niamue kama ni kweli, maana mtu wa redio hudhaniwa anajua yote.

Ni kweli, Mobutu alikuwa nayo. Lakini hakuwa peke yake. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963, na mwaka 1981 wakaacha kulitengeneza. Katika miaka hiyo yote yalitoka 2,677 tu. Yale marefu zaidi, yaitwayo Pullman, yalipita mita 6. Machache sana yalikuwa na paa la nyuma linalofunguka, ili mkubwa aonekane na watu. Papa Paulo wa Sita alipewa moja la aina hiyo mwaka 1965.

Wamekanika watapenda hili. Injini yake ni ya V8, lita 6.3. Vioo, viti, hata kifuniko cha buti, vyote vilisukumwa na mafuta yanayopita ndani ya mabomba kwa nguvu kubwa sana. Mota ya umeme ya kupandisha kioo ingepiga kelele, na mwenye gari hakutakiwa kusikia kelele. Unabonyeza, kioo kinapanda kimya, dunia inabaki nje. Bomba moja likivuja, fundi wa kawaida anashika kichwa.

Kazi ya mikono ya wale Wajerumani siidharau hata kidogo. Ni gari zuri. Elvis Presley alikuwa nalo, John Lennon pia, na hao walinunua kwa pesa za nyimbo zao. Hiyo ni shauri yao.

Tatizo ni orodha ile nyingine. Shah wa Irani. Idi Amin wa Uganda. Bokassa wa Afrika ya Kati. Ceaușescu wa Romania. Mobutu wetu. Sasa angalieni mwaka 1979: Januari Shah anatoka nchini mwake na harudi tena, Aprili Amin anakimbia Kampala, Septemba Bokassa anapinduliwa akiwa safarini Libya. Watatu katika mwaka mmoja! Ceaușescu akapigwa risasi siku ya Noeli 1989. Mobutu, vita vilivyoanzia huku kwetu Kivu mwaka 1996 vilimfikia Kinshasa Mei 1997, akakimbia, na Septemba akafia Rabat, Moroko.

Kijana mmoja aliposikia hayo akasema, "Basi gari hilo lina mkosi." Hapana, ndugu yangu. Tito wa Yugoslavia alikuwa nalo na alikufa akiwa madarakani. Kenyatta wa Kenya vilevile. Tusitafute uchawi kwenye bati. Mimi naona jambo ni kioo.

Mtazameni Mobutu wa miaka ya mwisho. Mara yuko kwenye mashua yake Kamanyola mtoni, mara yuko Gbadolite, alikojenga uwanja wa kutosha ndege ya Concorde kutua. Mwisho wa 1992 ikatolewa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa. Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaona hainunui kitu, wakaingia mitaani Kinshasa, wakapora na kuua. Mtu yeyote aliyetembea sokoni kwa miguu angejua noti ile ni karatasi kabla askari hajaipokea. Lakini nani angemwambia, na kwa mlango gani?

Baba yangu alikuwa mwanafunzi wakati huo wa animasyo. Walitolewa darasani asubuhi, wakapangwa kandokando ya barabara, wakaimba hadi saa nane bila maji. Kisha magari yakapita. Nilimuuliza aliona nini. Akaniambia: "Niliona uso wangu mwenyewe kwenye kioo."

Mobutu amekwenda, zaire imekwenda, kioo kimebaki. Siku hizi si limuzini tena, ni yale magari marefu ya vioo vyeusi, mawili mbele, matatu nyuma, honi na taa. Wanapita barabara ya Sake kwa mwendo ambao chukudu lenye magunia ya makaa linarukia mferejini, na breki ya chukudu, mnaijua, ni kipande cha mpira na mguu wa mwenyewe. Vumbi lao linashuka juu ya sufuria za watu wanaoishi chini ya bashe. Sisemi ni wa upande gani. Wa kila upande wanaendesha hivyo, na wale wanaosema wametuletea msaada wamo pia.

Maoni yangu ni haya: mkubwa anayekuja kutazama waliokimbia vita aache gari barabarani, aingie kwa miguu, apange foleni ya maji hata robo saa, bila askari wa kufukuza watoto. Asipoweza hivyo, abaki ofisini atuachie esanse. Na chifu wa mtaa asikubali tena kupanga watoto juani wampigie mtu makofi. Tulishaifanya kazi hiyo miaka 32.

Na sisi waandishi tusijifanye wasafi. Wakati fulani nilipewa nafasi katika gari la msafara wa namna hiyo. Kiti laini, ubaridi mzuri, maji ya chupa. Tulipita kambini bila kusimama, hotuba ilikuwa mbele zaidi. Siku tatu baadaye nikarudi kwa pikipiki, nikakutana na mama mmoja niliyewahi kumhoji juu ya mtoto wake aliyepotea njiani. Akanisalimia, kisha akauliza: "Ile siku ulipita na wakubwa, nikakupungia. Hukuniona?"

Nilimwona. Kioo kilikuwa juu, na niliona haya kumwomba shofa akiteremshe.