AMESOMEA AKILI ZA WATU, ANAPIMA KAHAWA!

Ndugu msomaji, leo tuache kidogo ya majukwaani, tuzungumze habari ya mkate. Wewe uliyekaa kijiweni na gazeti hili, na wewe mwanachuo unayesubiri bumu, sogeeni karibu. Jambo hili linatuhusu wote.

Nianzie mbali, Kingerikiti. Kama hukufahamu usione haya, wakubwa wengi nao hukukumbuka msimu wa kura tu. Ni milimani, mkoa wa Ruvuma, wilaya ya Nyasa, ile iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Watu wa huko ni wa kahawa.

Msimu uliopita nilikwenda huko kwa shughuli ya kifamilia. Kwenye mizani ya kahawa nikamkuta kaka mmoja niliyemfahamu tangu shule ya msingi. Mimi niliishia kidato cha nne. Yeye alipasua mpaka chuo kikuu, akatoka na shahada ya ualimu katika saikolojia. Jina lake na la chuo chake nayahifadhi. Anaandika kilo za watu kwenye daftari, kibarua cha msimu.

Kupima kahawa si aibu. Kahawa hiyo hiyo ndiyo iliyomlipia ada ya sekondari. Kilichoniuma ni maneno yake: "Dogo, miaka mitatu nimepiga msuli wa Freud, Piaget na Skinner. Hakuna siku niliyoambiwa nikitoka pale nikagonge mlango gani."

Tukiwa tunaongea akaja mama mmoja. Hakuwa na kahawa. Mwanawe alikuwa amefeli mtihani, akajifungia ndani siku ya nne, hali, hasemi na mtu. Mama akasema, "Baba, wewe si ulisomea akili za watu? Njoo uongee naye." Kaka akaenda. Aliporudi alikuwa mnyonge kama amefiwa. Akaniambia dalili zote anazijua, kwa Kiingereza, na mtihani wake aliufaulu vizuri. Ila hajawahi kukaa na mtu mwenye majonzi huku mwalimu wake akimwangalia na kumsahihisha. Mazoezi ya kufundisha darasani alipelekwa. Ya kusikiliza mtu hakupelekwa.

Hapo ndipo nilipoduwaa. Siku zote tunaambiwa kazi hakuna. Hivi yule mama alikuja kutafuta nini pale kwenye mizani? Kazi ilimfuata msomi mpaka miguuni, ikamkuta hana ufundi wa kuifanya wala mtu wa kumlipa!

Tuambizane ukweli bila kumung'unya maneno. Zamani shahada yoyote ilikuwa tiketi. Mzee Benjamin Mkapa, aliyepitia shule ya Kigonsera huko huko Mbinga, alimaliza Makerere mwaka 1962 na shahada ya Kiingereza, na mwaka huo huo serikali ikamchukua kazini. Nchi ilikuwa changa, wasomi wa kuhesabika. Leo treni hiyo imeshaondoka, lakini vyuo bado vinafundisha kana kwamba iko stesheni inawasubiri abiria.

Na nauli ya kuisubiri ni mkopo. Kule Mbinga kuna biashara inayoitwa magoma. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado iko mtini kwa bei ya kutupa, msimu ukifika anavuna mali ya mwenzake. Serikali inaipiga vita, na inafanya vyema. Lakini msomaji, kijana anayekopeshwa asomee kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha mlango wake wa kutokea, naye si anauza jasho likiwa bado ua? Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni la Bodi ya Mikopo. Mwaka 2021 serikali iliifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa hilo tuseme ahsante. Ila asiye na mshahara atakatwa nini? Daftari la kahawa?

Wapo watakaosema saikolojia ni anasa ya Wazungu, ifutwe. Nakataa! Tazama Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda wa Harare aliwachukua bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kusikiliza, kuuliza, na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo. Wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wale bibi hawakuwa na shahada, walikuwa na ufundi. Sisi tunatoa shahada, ufundi tunauacha getini. Haingii akilini!

Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, kazi ikatambuliwa na mwenye kuifanya akajulikana. Na sisi fedha hazijakosekana. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu yetu ya juu, mradi wa HEET, na moja ya makusudi yake ni kuhuisha mitaala ilingane na soko la ajira. Deni hilo tutalilipa sote, hata mimi wa kidato cha nne. Kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Wakuu wa vyuo, kabla kijana hajajaza fomu, mwambieni waliomaliza kozi hiyo miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Mpelekeni zahanati, magereza, shule za bweni, akasikilize watu chini ya usimamizi. Mfundisheni kuandika ripoti na kuomba kazi. Mfundisheni kusema kwa Kiswahili, maana mama wa Kingerikiti haumwi kwa Kiingereza. Na serikali itamke wazi: mshauri wa shuleni ana nafasi na mshahara, au ni mwalimu wa hesabu aliyeongezewa mzigo?

Na wewe mwanachuo usijifiche nyuma yangu. Mwaka wa kwanza si wa kula bumu na kutafuta desa. Likizo nenda ukajitolee, hata kama hulipwi. Jifunze kazi ya pili ya mkono. Tafuta waliotangulia, waulize walitokaje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Usirudi kijijini na vyeti tu ukasubiri kusifiwa.

Yule kijana aliyejifungia alitoka siku ya sita. Hakutolewa na Freud. Kaka wa mizani alirudi kila jioni, akakaa mlangoni kimya, mpaka mlango ukafunguliwa. Aliniambia hilo hakulisoma popote, alibahatisha.

Wangapi wanaobahatisha na wanakosea? Nani atawalipia kosa hilo?

Mwenye macho haambiwi tazama.