Barua ya Karani: Ferrari Kuukuu na Mifuko Miwili



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya vyeti vya ubatizo vinavyopotea. Naomba radhi, habari hiyo itangoja. Liko jambo lililotokea nyumbani kwetu ambalo vijana wa parokia wananiuliza kila baada ya Misa, nami nimeona afadhali niwajibu wote kwa mara moja.

Mdogo wangu yuko Uingereza, mwaka wa tisa sasa, anaendesha lori la mizigo. Kabla ya Kwaresima aliniletea picha katika simu: motokaa nyekundu, imelala chini hata kuku asingepita uvunguni bila kuinama. Akaniandikia, "Shikamoo Kaka. Hii ni Ferrari 360 ya mwaka 2001. Bei yake haifiki nusu ya Ferrari mpya, na fedha ninayo. Nipe neno."

Fedha yake naijua. Ni akiba ya miaka tisa, na sehemu yake aliiahidi mbele ya Mama kwamba itaezeka nyumba yake, ambayo kuta zimesimama bila bati tangu 2021. Kwa hiyo sikumjibu siku ile.

Msidhani mdogo wangu ni mpumbavu. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa lori la misheni, nasi tulikua tukimshikia taa na kumpa spana. Mtu aliyelelewa hivyo huitazama motokaa kama seremala atazamavyo mlango uliochongwa na fundi kuliko yeye. Na kweli, kazi ya Waitalia hawa yastahili kutazamwa. Kiwanda kipo Maranello, na motokaa ya kwanza yenye jina la Ferrari ilitoka huko mwaka 1947. Hii 360 ilitengenezwa tangu 1999 hadi 2005. Mifupa yake na mwili wake ni alumini. Injini ina silinda nane, nayo imewekwa nyuma ya viti, chini ya kioo, hata apitaye njiani aweza kuiona. Nguvu yake ni ya farasi 400, na huzunguka zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, ambapo injini ya lori haifiki hata 3,000. Mwendo wake wapita kilometa 290 kwa saa. Mdogo wangu aliniletea pia sauti yake, nami nakiri kwamba niliisikiliza mara tatu.

Basi, kwa nini kitu cha namna hii kiuzwe kwa nusu ya bei? Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Tajiri wa kwanza hulinunua gari likiwa jipya. Miaka ikipita kiwanda hutoa jingine lenye nguvu zaidi, naye huliuza la kwanza. Wa pili huliuza kwa wa tatu, na kila likiuzwa bei hushuka. Zipo chache ambazo zikizeeka hupanda bei, na wauzaji hupenda kutaja hizo. Lakini kinachoshuka ni bei ya kununua tu. Bei ya kutunza haishuki. Hakuna atakayekuuzia klachi ya Ferrari kwa nusu ya bei kwa sababu gari lako lina miaka ishirini na zaidi, wala fundi hatapunguza ujira wake. Mwenye kulipa nusu hubeba mzigo wa matunzo ule ule aliokuwa nao tajiri wa kwanza, tena mzito zaidi, maana gari limezeeka.

Chukueni mfano wa mkanda wa taimingi. Huu ni mkanda wa mpira unaofungua na kufunga valvu za injini kwa wakati wake. Ukikatika, pistoni hugonga valvu, na injini nzima yaweza kuharibika kwa dakika moja. Kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka michache, gari litembee lisitembee, kwa kuwa mpira huzeeka hata ukikaa tu. Katika 360 fundi huufikia mkanda kupitia nyuma ya viti. Lakini katika Ferrari iliyotangulia, ile F355 ya miaka 1994 hadi 1999, ni lazima injini yote ishushwe kwanza ndipo mkanda ubadilishwe. Fikirini ujira wa kazi hiyo katika nchi ambako fundi hulipwa kwa saa.

Nilimwambia mdogo wangu anipe namba ya gari. Huko Uingereza gari likipita miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na maili lilizotembea huandikwa. Serikali huziweka kumbukumbu hizo katika mtandao, bure, na mwenye namba ya gari aweza kuzisoma hata akiwa ofisini kwetu. Nami kazi yangu ni vitabu. Nikifungua kitabu cha ubatizo, sisomi jina tu. Nasoma pembeni, kama kipaimara kimeandikwa, kama ndoa imeandikwa. Palipo patupu ndipo ninapouliza. Basi nikasoma habari za gari lile, nikaona kwamba kwa miaka saba lilitembea maili 900 tu.

Muuzaji alikuwa amelisifu jambo hilo hilo, kwamba gari halikutumika. Lakini waulizeni wenye mashine. Mashine iliyolala miaka saba haikupumzika. Mipira inayozuia oili hukauka na kupasuka, betri hufa, breki hushika kutu, petroli huoza ndani ya tangi. Afadhali gari lililotembea kila mwezi na kutengenezwa kila mwaka, lenye risiti zake zote, kuliko lililofunikwa shuka bandani.

Nikamjibu hivi: "Usilipe hata senti kabla hujaliangalia kwa macho ya fundi asiye wa muuzaji. Tena lipa ile ada ndogo ujue kama liliwahi kugongwa." Maana huko, gari lililogongwa na kuonwa na bima kwamba halifai kutengenezwa kwa fedha yake, hutiwa alama. Tangu Oktoba 2017 linaloweza kurudi barabarani huandikwa S, kama mifupa yake iliumia, au N, kama haikuumia. Rangi mpya huficha mengi, lakini herufi hiyo haifutiki kwa rangi.

Akafanya hivyo. Gari halikuwahi kugongwa. Lakini fundi alikuta mkanda una miaka sita, na klachi imekaribia kwisha. Matairi yalionekana mazima, ila ubavuni yalikuwa na tarakimu 1411, maana yake juma la 14 la mwaka 2011. (Wenye pikipiki na baiskeli za moshi, angalieni nanyi tarakimu hizo nne mwishoni mwa maandishi ya tairi, mtajua umri wake.) Gharama ya kuanzia tu ilipita sehemu ya kumi ya bei ya gari. Bado bima. Bado banda la kuliweka, maana mdogo wangu hukaa chumba cha kupanga, na gari lingelala barabarani.

Hapo nikamwandikia neno alilolitaka. Nilimwambia kwamba mnunuzi wa kitu cha fahari kilichotumika awe na mifuko miwili. Wa kwanza wa kununua. Wa pili wa kutunza, nao ujae kabla ya kuufungua wa kwanza. Neno hili sikulitoa hewani. Parokia yetu iliwahi kununua mashine ya kusaga kwa mkono wa pili, kwa bei iliyotufurahisha sote. Iliposimama, kipuri chake kilitugharimu karibu nusu ya mashine mpya, na kina mama wakarudi kubeba mahindi kichwani miezi minne. Mimi ndiye niliyeandika hesabu ile, na kila nikiufungua ukurasa huo naona aibu.

Vijana huniuliza, je, kuwa na motokaa ya namna hii ni dhambi? Mimi si padre. Najua tu kwamba mwezi wa Novemba 2017 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alipewa Lamborghini mpya. Aliibariki, akatia sahihi yake juu yake, nayo ikauzwa mnadani huko Monaco mwezi wa Mei 2018. Fedha ikagawiwa kazi za huruma, pamoja na kujenga upya nyumba za Wakristo wa nyanda za Ninawi, nchini Iraki. Chuma hakina dhambi. Swali ni fedha ile ilikuwa na kazi gani nyingine iliyokuwa ikiingoja.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Mdogo wangu alimpigia Mama simu mwenyewe, akamweleza yote, hata sauti akamsikilizisha. Mama akauliza, "Mwanangu, lina viti vingapi?" Akajibu, "Viwili, Mama." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi siku ukinichukua mimi na kaka yako, nani atabaki?"

Hakulinunua. Bati zilifika juma la pili baada ya Pasaka, na fundi amemaliza upande mmoja wa paa. Mdogo wangu amelipa ada kuendesha Ferrari ya watu nusu saa katika uwanja wa mbio, akaniambia kwamba ilikuwa halali ya kila senti. Sasa ameanza kuujaza mfuko wa pili. Pengine atachoka njiani, pengine miaka kumi ijayo mtaniona nimekaa katika kiti kile kimoja. Sitamzuia.

Nanyi, mwenye kutaka pikipiki iliyotumika, au pampu ya maji, au mashine ya kushona, ulizeni kwanza kipuri chake kinapatikana wapi na kwa bei gani. Juma lijalo, Mungu akipenda, vyeti vya ubatizo.

Wenu katika Kristu,
Karani wa Parokia