Mlango wa Muhimbili hufungwa Mwamapalala

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufungua dirisha la udahili, na taifa huamini kwamba mchujo ndio kwanza umeanza. Tunasema bila kuuma maneno: kwa mtoto wa mkulima wa pamba wa Mwamapalala, wilayani Itilima, mkoani Simiyu, mchujo huo ulikwisha siku nyingi. Nafasi zinazogombewa kuliko zote nchini, hasa za udaktari wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, zinaegemea mno mfuko wa mzazi. Hali hiyo ni ya hatari, na wakubwa wameinyamazia.

Kwenye karatasi hakuna upendeleo. Mwombaji wa udaktari anatakiwa awe na walau D katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Lakini waombaji ni wengi kuliko viti, chuo huanza kuhesabu kutoka juu, na viti hujaa kabla mwenye D hajafikiwa. Kwa hiyo swali ni moja tu: hizo A anazipata nani?

Mtoto wa Mwamapalala huongea Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwenzake wa Mwanza au Dar es Salaam amekisoma Kiingereza tangu chekechea kwa ada ya mamilioni. Msimu wa kuvuna pamba, mmoja yuko shambani na wazazi wake, mwingine yuko tuisheni. Tena ni mtihani wa darasa la saba unaoamua nani aende shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala au Msalato, na nani abaki shule ya kata ya kutwa, atembee kilomita kadhaa kwenda na kurudi, akamsubiri mwalimu wa Fizikia ambaye hajapangwa. Kufutwa kwa ada, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, ni hatua kubwa tunayoipongeza. Haikumleta mwalimu huyo.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, likieleza kwamba mazingira ya kusomea hayafanani. Lilisema kweli. Sasa ikiwa si haki kuwapanga watoto hawa gazetini, inakuwaje haki kuwapanga vivyo hivyo mlangoni mwa chuo kikuu?

Nchi hii iliwahi kulijali jambo hili. Baada ya shule za mashirika ya dini kutaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, nafasi za sekondari ziligawiwa kwa mikoa, kwa kuwa Kilimanjaro na Bukoba, zilizotanguliwa na shule za misheni, zingezoa sehemu kubwa. Utaratibu ule uliwaumiza baadhi ya vijana wenye alama nzuri, na wazazi wa Kilimanjaro waliukimbia kwa kujenga shule zao binafsi. Lakini ulikiri wazi kwamba alama humpima mtoto pamoja na mahali alipozaliwa. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kiliwapa wasichana mafunzo ya awali ili waingie masomo ya sayansi. Njia tunazijua.

Marekani, mwaka 2023, wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba mtoto wa familia tajiri kabisa ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma vyuo kama Harvard kuliko mtoto wa tabaka la kati mwenye alama sawa na zake. Kwetu mtoto wa tajiri hahitaji kubebwa mlangoni. Amekwisha kubebwa miaka 13 kabla hajafika.

Bodi ya Mikopo huuliza mwombaji ni yatima, ana ulemavu, au kaya yake iko kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF. Serikali basi inajua kuupima umaskini inapotoa fedha, na hugeuka kipofu inapotoa nafasi. Mkopo haumsaidii aliyekwisha kukosa kiti.

Wako watakaosema tunataka madaktari dhaifu. Hapana. Simiyu, enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, iliwakusanya wanafunzi kwenye kambi za kitaaluma, wakafundishwa na walimu mahiri wa masomo, na matokeo ya mkoa yakapanda. Watoto walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mafundisho.

TCU ichapishe kila mwaka, chuo kwa chuo na kozi kwa kozi, waliodahiliwa wametoka shule za aina gani na wilaya zipi. Vyuo vya umma vitenge sehemu ya viti vya kozi zinazogombewa kwa wahitimu bora wa shule za kata, na viwape mafunzo ya awali ya Kiingereza na maabara. Wizara ipeleke walimu wa sayansi Itilima kabla ya kujenga jengo jingine. Wabunge wa Simiyu waanze kudai haya katika kikao kijacho cha bajeti ya elimu, na wananchi wa Mwamapalala wawaulize kama wamedai.