Dogo wa Mazinde Asikimbizwe Marathon Mapema

Siku hizi Bongo karibu kila wikiendi kuna marathon. Mastaa wanapiga kilomita 5 zao, mbili za mwisho wanatembea, medali shingoni, selfie, na kabla ya mchana picha zishapanda Insta. Hakuna ubaya, afya ni afya. Ila pembeni ya hizo picha kuna dogo wa miaka 17 katoka mkoani na basi la usiku, raba za kuazima, kajiandikisha kilomita 21 kwa sababu kasikia mshindi anapewa hela. Huyo ndo wa kuongelewa leo.

Tuseme katokea Mazinde. Anayepajua anajua mambo yake. Mazinde ya chini ipo barabarani, joto kali, mkonge, mabasi ya Moshi na Arusha yanapita yanavuma. Mazinde Juu ipo mlimani upande wa Lushoto, baridi na ukungu. Katikati kuna milima ya Usambara imesimama kama ukuta, na watu wanapanda na kushuka kwa miguu, wengine na mzigo kichwani. Mtoto aliyekulia hapo ana mapafu ambayo hakuna gym ya mjini inayoyauza. Sasa akishinda mita 1,500 kwenye UMISETA, kila mtu anamwambia neno moja: achana na uwanjani, nenda barabarani, huko ndo kuna mkwanja.

Hapo ndo anapoharibiwa.

Angalia Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, kaipa Tanzania dhahabu ya kwanza kabisa kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Kamaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros naye muda huohuo! Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Yaani watu wamekimbia kilomita 42 na ushee halafu mshindi anatafutwa kwenye picha. Pumzi wote walikuwa nazo. Kilichoamua ni nani bado ana mbio kwenye miguu mita za mwisho kabisa, na mbio za hivyo hazijengwi kwa kukimbia kilomita 21 kila wikiendi ukiwa na miaka 17.

Eliud Kipchoge wa Kenya, ambaye kila mtu anamjua kwa marathon, alianza kuwika uwanjani. Mwaka 2003 pale Paris, akiwa na miaka 18, alibeba ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Marathon yake ya kwanza? 2013. Miaka kumi baadaye.

Na Simbu mwenyewe hakuibuka juzi. Mashindano ya dunia Beijing 2015 alikuwa wa 12. Olimpiki ya Rio 2016 wa tano. London 2017 akapata shaba. Paris 2024 akawa wa 17, na mwenye haraka angesema jamaa kaisha. Dhahabu imemkuta ana miaka 33.

Halafu kuna hili ambalo ni aibu kidogo. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, tena kaongoza mwenyewe toka mwanzo. Dunia ilishaipita zamani. Tanzania bado. Zaidi ya nusu karne, raba zimebadilika, viwanja vimebadilika, mpaka namna ya kula imebadilika, na hakuna Mtanzania aliyeigusa. Vipaji vimeisha? Hapana bwana, vipo barabarani vinagombania bahasha.

Atatokea mtu aseme spidi hailiwi. Kweli kabisa, na hilo ndo lenye uzito. Bayi alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, mwanajeshi. Simbu, mwanajeshi. Unaona mchezo? Mshahara wa jeshi ndo uliowanunulia subira. Mwezi ukiisha kuna kitu mfukoni, mtu anaweza kupoteza mbio leo akajipanga na mwakani. Dogo wa Mazinde hana huo mshahara, ana mama anayesubiri hela ya unga. Ukimwambia avumilie miaka mitano uwanjani bila senti, unamchekesha. Ataishia bodaboda pale Mombo. Dada yake ndo kabisa, akimaliza fomu foo anaulizwa ataolewa lini, hakuna anayemuuliza alikimbia dakika ngapi.

Kwa hiyo lawama zisiende kwa dogo, ziende kwa wanaopanga zawadi. Kila marathon inayokusanya ada na wadhamini ingeweza kutenga siku moja kabla, mita 1,500 na 3,000 kwa wanafunzi wa kike na wa kiume, saa ya uhakika, na zawadi inayozidi ile ya kilomita 21 kwa umri wao. Hata kama ni uwanja wa nyasi wenye mistari ya chokaa, sio mbaya. Hela ikihamia huko, watoto watahamia huko wenyewe bila kuhubiriwa. Waandaaji mpo, au mnasubiri kwanza tisheti zitoke kiwandani?