Nusu dakika mbele ya lango la shule

Leo ni Jumapili. Bila shaka sare za watoto zimeanikwa uani, viatu vinangoja rangi, na yuko mmoja ambaye hadi usiku ndipo atakapokumbuka hesabu alizopewa na mwalimu. Kesho, kabla jua halijachomoza vizuri, watoto hao watakuwa barabarani. Ndiyo sababu leo nataka tuzungumze kuhusu mtu watakayekutana naye huko: dereva. Na huenda dereva huyo ni wewe.

Majuzi nilipanda matatu mjini Kitale kuelekea Bungoma. Ilikuwa alfajiri na ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya mashamba ya mahindi. Tulipokwisha kupita Kiminini tulilikuta basi la shule, lile la rangi ya manjano, limesimama kando ya barabara likiteremsha watoto ambao shule yao ilikuwa ng'ambo ya pili. Dereva wetu hakupunguza mwendo. Alipiga honi, akatoka nje kidogo ili alipite.

Ghafla msichana mdogo, mkoba mgongoni karibu umshinde ukubwa, alichomoza mbele ya lile basi. Breki zililia, nasi abiria tukarushwa mbele. Matatu ilisimama hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Yule mtoto alitutazama, akaokota kiatu chake kilichomvuka, akakimbilia ng'ambo.

"Wewe dereva, huyo ni mtoto wa wenyewe!" mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alifoka.

"Mama, haki sikumwona," dereva alijibu huku mikono ikimtetemeka. "Ametokea wapi?"

Msomaji, nimelifikiria sana jibu hilo. Dereva yule hakusema uongo. Kweli hakumwona, wala asingeweza kumwona, kwa maana basi lilimficha. Mtoto naye hakuiona matatu. Hapo ndipo penye fundisho la leo: mbele ya shule, na kando ya basi la shule, ukingoja hadi umwone mtoto ndipo upunguze mwendo, utakuwa umechelewa. Punguza kabla hujamwona.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Niwie radhi, lakini hii inayo.

Hebu kwanza tumwelewe mtoto. Si mtu mzima aliyepunguzwa urefu. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuona juu ya gari lililoegeshwa. Bado hana uwezo wa kukadiria gari linakuja kwa kasi gani na liko umbali gani. Akimwona mwenzake ng'ambo, au mpira ukimponyoka, akili yake yote huenda huko. Tusimlaumu, ndivyo alivyo. Aliye na leseni ni wewe.

Sasa tulitazame gari. Ukienda kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Kwa kawaida dereva huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Ukijumlisha na umbali ambao gari huburuzika kabla ya kusimama, utahitaji zaidi ya mita 50, hata kama lami ni kavu na breki ni nzuri. Ukienda kilomita 30 kwa saa, mita 13 hivi zinatosha. Ukubwa wa tofauti hiyo ndio uhai wa mtoto.

Sheria yetu inalijua jambo hili. Mwaka wa 2017 Sheria ya Trafiki ilirekebishwa, ikaweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa karibu na shule, na kuagiza mabasi ya shule yapakwe rangi ya manjano. Rangi hiyo haikuchaguliwa kwa urembo. Wamarekani waliikubali katika mkutano uliofanyika New York mwaka wa 1939, kwa sababu huonekana upesi hata wakati wa giza la alfajiri na la jioni. Maana yake ni moja: ukiona manjano, tarajia mtoto.

Najua utaniambia, "Dada, nina haraka." Haya, tupige hesabu. Chukua mita 200 kabla ya lango la shule na mita 200 baada yake. Ukizipita kwa kilomita 80 kwa saa utatumia sekunde 18. Ukizipita kwa kilomita 30 utatumia sekunde 48. Umepoteza nusu dakika. Ukikutana na shule kumi njiani, utakuwa umechelewa kwa dakika tano. Ni nani Bungoma asiyeweza kukungoja dakika tano?

Barabara zetu zinahitaji subira hiyo. Kutoka Kitale hadi Webuye, masoko na makazi yamesogea hadi ukingoni mwa lami. Wengi wetu hatujaisahau ajali ya Desemba 2017 karibu na daraja la Kamukuywa, iliyoua zaidi ya watu kumi na watano. Ukifika Webuye ukageukia Bungoma, unaingia katika njia kuu ya trela zinazokwenda Malaba na Uganda. Hapo Kanduyi, mtoto anayevuka hushindania nafasi na trela, bodaboda, mikokoteni na trekta za miwa ambazo baadhi hazina hata taa za nyuma. Kila mwaka nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu.

Je, kuna dawa? Ipo, wala si ghali. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend lilikagua barabara zilizo karibu na shule za msingi, kisha likaweka matuta, vivuko vya milia, njia za miguu na alama, na penye haja likafungua lango jipya mbali na magari. Mwaka wa 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji. Tuta moja na rangi nyeupe vinaweza kufanya kazi ambayo mahubiri yangu ya Jumapili hayawezi. Kamati za wazazi za Kitale na Bungoma zinaweza kuanzia hapo: andikeni barua kwa kaunti na kwa wasimamizi wa barabara, kisha mfuatilie jibu.

Wakati tukingoja matuta, kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Dereva: ukilikuta basi la shule limesimama, usilipite mbio. Punguza hadi uweze kusimama papo hapo, au ngoja liondoke. Simama kabla ya kivuko, wala usimpigie mtoto honi umharakishe, kwani akishtuka atakimbilia asikokujua.

Dereva na utingo wa basi la shule: simamisha basi upande ule ule wa shule kila inapowezekana. Utingo ashuke kwanza, awavushe watoto yeye mwenyewe, na awahesabu. Basi lisiondoke kabla ya mtoto wa mwisho kuonekana akiwa salama.

Mzazi: tuseme ukweli. Sisi tunaomlaani dereva wa matatu ndio tunaopakia watoto watatu au wanne kwenye bodaboda moja, ilhali sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Ndio tunaosimamisha gari katikati ya barabara langoni na kumwita mtoto kutoka ng'ambo. Mfuate upande alioko, umshike mkono.

Nawe mwanafunzi: ukishuka, usivuke mbele ya basi wala nyuma yake. Ngoja liondoke, uone barabara yote, utazame kulia, kushoto, na kulia tena. Kaka na dada wakubwa, mshikeni mdogo mkono hata akiona haya.

Kesho asubuhi, msomaji, utakapoliona lango la shule mbele yako, usingoje kuona mtoto. Ondoa mguu kwenye mafuta. Yule msichana wa Kiminini aliokota kiatu chake akaenda darasani. Hatua mbili tu zilibaki asifike, na mama yake huenda hata leo hajui.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.